Mrejesho: karo za shule Dubai

Salaam ndugu zangu. Ni mimi niliyeuliza tutawasomeshaje watoto Dubai, mume wangu alipopata kazi huko nasi tuko Kisauni. Ahsanteni sana nyote.

Uliyeshauri karo iandikwe kwenye mkataba wa kazi wa mume wangu kabla ya kutia sahihi, Mungu akuzidishie. Mwajiri alikataa kulipa yote, akakubali nusu, tena kwa mtoto mmoja tu. Heri hiyo kuliko mikono mitupu. Nilipitia pia orodha ya KHDA, mamlaka inayosimamia shule za binafsi Dubai: karo za kila shule ziko wazi, pamoja na ripoti za ukaguzi. Kweli, nyingi za mtaala wa Kihindi, CBSE, ni nafuu kuliko za mtaala wa Uingereza. Ila mwaka wao huanza Aprili, na nauli ya basi la shule, sare na vitabu ni juu yako. Hapo ndipo bajeti yangu ilipotoboka!

Wadogo wawili wamepata nafasi. Mkubwa yuko kidato cha nne, kwa hivyo anabaki hapa Mombasa kwa nyanya yake amalize mtihani wa KCSE. Punguzo la watoto wa nyumba moja niliomba, sikupewa.