Mama ana betri ya moyo, sasa anaogopa kushika simu. Naomba ushauri

MtotoWaTukuyu
Habari za jioni ndugu zangu. Mama yangu aliwekewa betri ya moyo mwaka huu pale JKCI, Muhimbili. Moyo ulikuwa unapiga taratibu mno hadi anaanguka shambani. Tunamshukuru Mungu, sasa anapanda kilima bila kupumzika njiani.

Shida ni simu. Majirani wamemwambia mionzi ya simu inazima ile betri, naye ameifungia sandukuni. Yuko kijijini na mjukuu mdogo tu, sisi wote tuko mbali, tukimtaka mpaka tupige kwa jirani. Hata hela ya dawa tunamtumia kwa simu hiyohiyo. Ila na mimi nina wasiwasi, maana zamani simu yake ilikuwa inakaa kwenye sidiria upande wa kushoto, na betri imewekwa hukohuko kushoto, chini ya mtulinga. Atumie au aache?

DadaMuuguzi
Pole kwa kuuguza, na hongera kwa mama. Atumie simu, tena asikae bila simu kabisa, mgonjwa wa moyo anayeishi mbali na hospitali anaihitaji kuliko sisi.

Kinachotakiwa ni umbali. Simu isisogee chini ya sentimita 15 kutoka pale betri ilipo. Mama hana rula, mwambie apime shubiri moja ya mkono wake, inatosha na kuzidi. Betri iko kushoto, basi asikilizie sikio la kulia na ashike kwa mkono wa kulia. Sidiria ndiyo aiache moja kwa moja, hata kama simu haiiti, kwa sababu simu ikiwa imewashwa huwasiliana na mnara mara kwa mara hata usipoongea.

Sababu yenyewe ni hii: betri ile muda wote inausikiliza moyo. Ikiona moyo umepiga wenyewe, inanyamaza, ukichelewa, inausukuma. Simu ikiwa imegusana nayo, mawimbi yake yanaweza kudhaniwa ni pigo la moyo, betri ikanyamaza wakati haikupaswa. Betri za siku hizi zina kinga dhidi ya hilo, kwa hiyo hutokea kwa nadra, na simu ikisogezwa betri inarudi kazini kama kawaida. Haizimiki moja kwa moja kama majirani wanavyosema. Akisikia kizunguzungu simu ikiwa karibu, aisogeze mbali, kisipoisha, hospitali.

Mzee_wa_Busara
Mimi naona bora aache tu. Mionzi hiyohiyo ndiyo inaleta kansa, halafu mnaiweka karibu na moyo!

DadaMuuguzi
Mzee wangu, shikamoo. Mionzi ya simu si ya aina ya eksirei, haina nguvu ya kuharibu vinasaba. Ikizidi inachofanya ni kupasha joto, na simu zimewekewa kikomo cha hilo. Ni kweli mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Lakini mapitio makubwa ya tafiti yaliyoagizwa na WHO na kutoka mwaka 2024 hayakuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo. Kumnyima mama simu kwa hofu hiyo ni kumwongezea hatari nyingine.

FundiSimu_Mwanjelwa
Mkuu, mama anatumia simu gani? Nauliza kwa sababu sumaku ni jambo la kuangalia kuliko hata mawimbi. Betri hizi zimetengenezwa zibadili utaratibu zikikutana na sumaku, madaktari wenyewe huitumia kuzipima. Mwaka 2021 madaktari wa hospitali ya Henry Ford kule Marekani walionyesha kwamba iPhone 12 ikiwekwa kifuani ilisimamisha kazi ya kifaa cha kushtua moyo, kwa ajili ya sumaku zilizomo. Apple wenyewe wanasema zaidi ya sentimita 15, na zaidi ya 30 kama simu inachaji bila waya.

Na makava yale ya kufunika kama kitabu, yanayojifunga yenyewe, yana sumaku. Asipewe zawadi ya hivyo.

MtotoWaTukuyu
Asanteni sana. Ni kitochi cha kawaida, hakina kava. Mtandao kule ni wa shida, mpaka atoke uani.

FundiSimu_Mwanjelwa
Kitochi ni sawa kabisa. Atoke uani kama kawaida, tena ni vizuri, maana mtandao ukiwa hafifu simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili iufikie mnara.

Babu_wa_Soweto
Mimi ninayo betri, mwaka wa tano huu. Simu inakaa mfuko wa suruali. Kwa mama, aifunge kwenye kibindo cha kanga kiunoni, mbali na kifua na haitapotea. Asiivae kwa kamba shingoni, akiinama inamlalia kifuani. Ile kadi aliyopewa hospitali atembee nayo. Na muulizeni daktari kama yake ni ya kusukuma mapigo tu au ni ile ya kushtua. Ya kushtua ikikutana na sumaku inaweza isishtue wakati anaihitaji.

MtotoWaTukuyu
Shikamoo babu, nashukuru. Kibindo hatabisha. Swali la mwisho: usiku analala na redio ndogo ameikumbatia, anasikiliza taarifa na kwaya. Nayo?

DadaMuuguzi
Redio inapokea mawimbi, hairushi kama simu, kwa hiyo hapo hakuna neno. Ila spika yake ina sumaku ndani. Asiikumbatie, aiweke kwenye kigoda kando ya kitanda.