Pedali ya vaibu: balbu, LED au dijitali? Na ikae wapi ukiwa na fazi?

Nyuzi_Sita

Wakuu, salaam. Natafuta pedali ya vaibu, ile sauti inayopwita kama mshipa wa shingo, sio korasi wala pedali ya kawaida ya fezi (phaser). Kwenye ubao kuna fazi (pedali ya mkwaruzo mkali) ya transista za jermaniamu, aina ya Fuzz Face, ovadraivu (mkwaruzo laini) na dilei (mwangwi), zote zinaingia kwenye ampu ya vali yenye chaneli moja. Gitaa lina pikapu za koili moja.

Mambo matatu yananitatiza. Kwanza, zipo za balbu na fotoseli (kinzani inayobadilika kwa mwanga), zipo za LED, zipo za dijitali. Tofauti inasikika kweli au ni maneno ya wauzaji? Pili, vaibu ikae kabla ya fazi au baada yake? Tatu, ninayo moja ya balbu hapa ya kujaribu, mtumba, inapiga tik... tik... kwa kufuata nobu ya kasi, hata gitaa likiwa kimya. Inatibika hiyo?

FundiLehemu

Mkuu, tuanzie ndani ya boksi, maana majibu yote matatu yanatokea humo.

Uni-Vibe, ile vaibu ya asili, ilibuniwa Japani na Fumio Mieda mwishoni mwa miaka ya 1960, ikatengenezwa na Shin-ei. Katikati kuna balbu ndogo ya uzi iliyozungukwa na fotoseli nne, na vyote vimefunikwa kwa kikombe cha bati kinachoakisi mwanga. Osileta, saketi inayotoa wimbi la kasi, inaifanya balbu iwake na kufifia, na kila fotoseli inaongoza hatua moja ya kugeuza fezi. Sasa sikiliza hapa: kapasita za hatua hizo nne hazilingani hata kidogo. Ni nF 15, nF 220, pF 470 na nF 4.7. Chukua kanuni ya 1/(2πRC), kisha ukadirie fotoseli iko kiloomu 100. Hatua ya kwanza inaangukia karibu Hz 106, ya pili Hz 7, ya tatu Hz 3,400 hivi, ya nne Hz 340. Zimetawanyika kuanzia chini ya besi hadi juu kabisa ya gitaa.

Linganisha na MXR Phase 90. Nayo ina hatua nne, ila kapasita zote ni nF 47, kwa hiyo hatua zinasukumana mahali pamoja na unapata mabonde mawili makali, yaani masafa yanayokatwa, yanayopanda na kushuka. Ndiyo ile "fyuuu" ya pedali za fezi. Mabonde ya vaibu ni mapana na yako mbalimbali, sikio halipati kitu kimoja cha kukifuata, linasikia sauti nzima ikivuta pumzi. Kwa hiyo kabla ya kubishania balbu, hakikisha kapasita zimetawanywa. Zipo pedali sokoni zenye jina la vaibu ambazo ni fezi tupu ndani.

Balbu ina tabia mbili. Uzi hupata joto haraka kuliko unavyopoa, na fotoseli nayo hushtukia mwanga upesi lakini hukawia kurudi gizani. Ukijumlisha, mpwito unachechemea: unapanda kwa kishindo, unashuka kwa kujivuta. LED huwaka na kuzimika papo hapo, hivyo mtengenezaji analazimika kulichonga umbo la wimbi kwa saketi. Aliyelichonga vizuri hutamtambua kwa masikio. Aliyepachika LED kwenye wimbi la pembetatu na kuondoka zake utamjua kabla ya mzunguko wa pili. Na usiiabudu balbu: Mieda mwenyewe aliirudia kazi hii akiwa Korg, kwenye Nuvibe, bila fotoseli. Balbu ina udhaifu wake pia. Kasi ikiwa kubwa uzi haupati muda wa kupoa na kina (ukubwa wa mpwito) kinapungua, hivyo ukipandisha kasi pandisha na kina.

Kuhusu tik. Balbu huvuta umeme kwa mafungu. Mafungu hayo yakipita kwenye waya uleule unaolisha pedali nyingine, volti inayumba kidogo kila mpwito na fazi inaukuza huo myumbo. Chomoa kila kitu, bakiza gitaa, vaibu na ampu, na vaibu ipate adapta yake peke yake. Tik ikitoweka, mgonjwa ni mnyororo wa adapta, nunua adapta ya ubao ambayo kila tundu limetengwa na jingine. Ikibaki, ugonjwa uko ndani.

Usichanganye tik na mluzi. Mluzi mwembamba usiobadilika ukizungusha nobu ya kasi hutoka kwenye chipu inayopandisha volti 9 kuwa 18. MAX1044 hukimbia karibu na Hz 5,000, ambazo sikio linazisikia vizuri tu, mpaka mguu wake wa 1 uunganishwe na volti inayoingia ndipo inapanda juu ya usikivu. Chipu hiyohiyo mwisho wake ni volti 10.5. Adapta ya kienyeji iliyoandikwa 9 lakini bila mzigo inatoa 12 inaiua mara moja, kwa hiyo pima kwa multimita kabla ya kuchomeka.

mwangwi72

Nadakia la pili.

Fazi ya jermaniamu inataka kuonana na gitaa uso kwa uso. Impedansi yake ya kuingilia (ukinzani ambao gitaa linakutana nao) ni ndogo mno, na ule usafi unaoupata ukipunguza volyumu ya gitaa unatokana na pikapu na fazi kushikana moja kwa moja. Ukiweka kitu chenye bafa (saketi ya kuimarisha ishara) katikati, hata kikiwa kimezimwa, fazi inabaki kali na nobu ya gitaa haisaidii tena. Anza hivi: gitaa, fazi, vaibu, ovadraivu, dilei, ampu. Huo mwanzo wa fazi kisha vaibu ndio mpangilio wa Jimi Hendrix enzi za Woodstock, 1969, isipokuwa mbele yake kulikuwa na wa-wa na kazi ya ovadraivu ilifanywa na ampu zenyewe.

Fazi ikitangulia, inazaa harmoniki nyingi na vaibu inapata nyama ya kukata, kwa hiyo mzunguko unasikika waziwazi. Vaibu ikitangulia, fazi inabana kule kupanda na kushuka kwa sauti na kinachobaki ni rangi inayogeuka taratibu ndani ya mvumo mmoja. Kwa noti moja moja ni tamu sana, kwa kodi inakuwa matope. Ukitaka njia hiyo, vaibu iwe na baipasi halisi (ikizimwa, ishara ipite kwenye waya tu), la sivyo umeipoteza fazi yako hata vaibu ikiwa imelala.

Tahadhari nyingine: vaibu nyingi zinazofuata saketi ya zamani kwa uaminifu zina impedansi ndogo ya kuingilia, chini ya kiloomu 100. Gitaa likiingia humo moja kwa moja, sauti za juu zinafifia. Wengine wanaipenda giza hiyo, wengine wanadhani pedali ni mbovu. Fazi ikiwa imewashwa mbele yake tatizo halionekani, ila ukiizima fazi yenye baipasi halisi litarudi. Baadhi ya pedali zina swichi ndogo ya kuchagua, itafute kabla ya kulaumu pikapu.

Dilei ikae nyuma ya vaibu. Hapo kila mwangwi unabeba mpwito wake. Ukiigeuza, miangwi yote inapakwa wimbi moja na wimbo unayumba kama mtumbwi.

Kasi: usizungushe kwa kubahatisha. Wimbo wa mapigo 72 kwa dakika unataka mpwito 1.2 kwa sekunde ili uende sawa na pigo, yaani mipwito 12 ndani ya sekunde 10. Washa saa ya simu, hesabu, rekebisha. Nusu ya hapo, mipwito 6, inafaa kodi ndefu. Kina anza kwenye asilimia 60. Na swichi ya korasi na vibrato si mapambo. Upande wa korasi unachanganya sauti kavu na iliyogeuzwa, ndipo mabonde yanapozaliwa. Upande wa vibrato unaondoa ile kavu, inabaki noti inayopinda juu na chini. Vibrato kwa kina kikubwa na kasi ndogo inafanya gitaa lisikike limekosa tyuni, itumie kwa kina kidogo na kasi kubwa.

Kapasita_Mbovu

Kuhusu ovadraivu sikubaliani na mwangwi72. Ovadraivu nyuma ya vaibu inaubana mpwito kama ampu iliyochemka, sawa, lakini ampu ya mkuu tayari ni ya vali na ina chaneli moja, itaubana tena. Mbano juu ya mbano, mpwito unazama. Ovadraivu ihamie mbele ya vaibu, ampu ifanye kazi ya kubana peke yake.

Dijitali hamjaigusa. Ukitaka kugonga tempo kwa mguu, au stirio, au kasi mbili zilizohifadhiwa, chukua dijitali bila aibu. Cha kuangalia ni nafasi ya juu kwenye mlango wake, yaani ukubwa wa ishara inaoweza kuupokea bila kukwaruza: fazi yenye volyumu kubwa inaweza kuukwaruza mlango wa kuingilia, na mkwaruzo wa dijitali hauna utamu wowote. Punguza volyumu ya fazi mpaka ukwaruzaji uishe, rudishia sauti kwenye volyumu ya vaibu. Halafu soma mahitaji ya umeme. Nyingi zinataka mA 100 au zaidi, na tundu la mA 100 ukilikamua lote linapata moto.

Nyuzi_Sita

Asanteni sana. Adapta ya peke yake imepunguza tik lakini haijaiua. Nimefungua kifuniko: kuna poti (vizungusho vya ndani) ndogo mbili ubaoni karibu na kikombe cha bati. Na kuna jambo jingine, mpwito hauko sawa. Unapita "wuup", kisha kimya kirefu, kisha "wuup" tena. Hizo poti ndizo za kugusa?

FundiLehemu

Ndizo, lakini tulia kwanza. Kama waya wa umeme wa ukutani unaingia moja kwa moja ndani ya boksi, funga na umpe fundi. Kama ni adapta ya volti 9 au 18 ya nje, endelea.

Hicho kimya kirefu ni balbu kuzimika kabisa. Uzi ukishapoa, osileta inaposhuka zaidi hakuna kinachobadilika, fotoseli zimekwama gizani mpaka wimbi lirudi juu. Kwa kawaida poti moja inaweka mwanga wa chini wa balbu, nyingine inaweka ukubwa wa wimbi. Piga picha ya zilipo sasa au weka alama kwa kalamu, kisha kina weka mwisho, kasi weka ndogo kabisa. Inua kikombe kidogo, utazame balbu chumba kikiwa na giza. Zungusha poti ya kwanza kidogo kidogo mpaka, kwenye kifo cha mpwito, uzi ubaki na wekundu hafifu usiozimika. Kisha poti ya pili: ongeza mpaka kilele kiwe cha njano bila kukaa huko muda mrefu. Zinaathiriana, kwa hiyo rudia mara mbili tatu.

Sauti usiihukumu kikombe kikiwa kimeinuliwa. Mwanga wa chumba unaingia kwenye fotoseli na kila kitu kinasikika kifupi. Rudisha kikombe, funga kifuniko, ndipo usikilize. Kukiwa na kimya tena, wekundu ulikuwa hafifu mno. Mpwito ukiwa mwepesi, kama unataka kuanza lakini hauanzi, mwanga wa chini umezidi na fotoseli hazifiki gizani.

Ukiweka sawa na bado upande mmoja umelala, huenda fotoseli moja imechoka. Zima umeme, ziba mwanga wote kwa mkanda mweusi na upime kila moja kwa multimita, ikiwezekana mguu mmoja ukiwa umechomolewa. Fotoseli ya aina ya GL5516 ikae nusu megaomu au zaidi gizani, GL5528 megaomu 1. Si lazima zilingane kabisa, tofauti ndogo ndiyo inayoleta ladha. Ila moja ikigoma kupanda juu ya kiloomu 50 wakati wenzake wako kwenye mamia, ibadilishe. Usiishikilie chuma cha lehemu zaidi ya sekunde 3 kwenye mguu, fotoseli haipendi joto.

Tik iliyobaki sasa. Angalia waya zinazokwenda kwenye nobu ya kasi na kwenye balbu. Zikilala juu ya waya wa jeki ya kuingilia, zisogeze zipite ukingo wa pili wa boksi. Mara nyingi inaishia hapo. Isipoisha, tenganisha chakula cha sehemu ya sauti: rizista ya ohm 100 kwenye njia ya volti inayokwenda kwenye transista za sauti tu, na kapasita ya mikrofaradi 100 ya volti 25 kutoka upande wa transista kwenda graundi, mguu hasi kwenye graundi. Usiiweke rizista hiyo kabla ya balbu. Sehemu ya sauti inavuta mA chache tu, lakini balbu ikivuta mA 30 kupitia ohm 100 umepoteza volti 3 na balbu haitafika kilele.

Na waya wa graundi wa balbu urudi peke yake mpaka kwenye jeki ya adapta, usiungane njiani na graundi ya jeki ya kuingilia. Kama ubao umechapishwa njia moja kwa zote mbili, kata njia hiyo karibu na transista inayoendesha balbu, uvushe kwa waya.

mwangwi72

Nyongeza kidogo: kama ina tundu la pedali ya mguu ya kuongoza kasi, usichomeke humo waya wa kawaida wa gitaa kujaribu. Tundu hilo hutaka plagi ya stirio, na plagi ya mono inagusanisha pete na graundi, kwenye saketi nyingine hiyo ni shoti ya volti. Hata pedali za kuongoza zina mitindo miwili ya waya, poti yake ikitoka kwenye ncha au kwenye pete, kwa hiyo kasi ikiruka kutoka mwanzo hadi mwisho bila katikati, geuza waya hizo mbili kabla ya kusema poti imekufa.