Ukuta wa Wakimbiaji (kikundi cha klabu, Mbulu)

ALHAMISI

*Katibu, 18:12*
Wanaklabu habari za jioni. Fundi wa maandishi anaingia uwanjani Jumamosi saa mbili asubuhi. Akimaliza kwetu anaelekea Haydom, ana kazi ya shule huko, mwezi huu harudi tena. Mpaka sasa waliochanga ni wanne. WANNE, na humu tuko sitini na kitu.

*Katibu, 18:14*
Ukuta umeshapigwa lipu na chokaa imekauka. Kimebaki rangi na majina. Orodha hii hapa, mwenye nyongeza aseme leo, siyo fundi akishapanda ngazi:
John Stephen Akhwari – Mexico 1968, alianguka akamaliza
Filbert Bayi – Christchurch 1974, rekodi ya dunia mita 1,500. Moscow 1980, dhahabu
Gidamis Shahanga – Edmonton 1978, dhahabu marathoni
Halafu vijana wa klabu yetu waliovaa jezi ya taifa.

*Katibu, 18:41*
Mmesoma. Tiki za buluu naziona.

*Kaka Dar, 18:55*
Hongera Katibu kwa kujitoa. Niko kwenye foleni hapa Kimara, nikifika nyumbani nasoma vizuri nichangie.

*Dogo 800, 18:57*
Simbu yuko wapi???

*Katibu, 18:58*
Simbu ni wa Singida, dogo.

*Dogo 800, 18:59*
Dada, huyo ni bingwa wa dunia. Marathoni ya Tokyo 2025, yeye na yule Mjerumani Petros wameandikiwa muda mmoja, 2:09:48, mpaka picha ikaangaliwa. Kamshinda kwa sekunde 0.03! Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha, tunamkosesha ukuta kwa sababu ya mpaka wa mkoa?

*Katibu, 19:01*
Ukuta ni wa kwetu hapa. Singida nao wana kuta zao.

*Binamu Karatu, 19:03*
Eeh, kama tunakwenda kwa mipaka basi Bayi naomba nimchukue. Kazaliwa Karatu.

*Mwalimu Michezo, 19:06*
Amezaliwa 1953, na Karatu wakati huo ilikuwa Mbulu. Mmegawanywa juzi tu.

*Binamu Karatu, 19:06*
Mtoto ni wa alipozaliwa 😂

*Mjomba Bodaboda, 19:07*
Karatu mna Ngorongoro, mna watalii, mna lami. Tuachieni Bayi jamani.

*Dogo 800, 19:08*
😂😂😂

*Katibu, 19:09*
Na Shahanga mtaniambia ni wa Katesh. Najua. Hanang nayo ilitoka tumboni mwa Mbulu. Nimeandika Mbulu ya zamani, tusirudi nyuma. Fundi anahesabu KWA HERUFI, kila mnalobishania lina bei.

*Mwalimu Michezo, 19:15*
Katibu, kabla hujampelekea fundi, pale Moscow rekebisha. Bayi hakupata dhahabu, alipata fedha, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa mwendo wake ule ule wa kukimbia mbele peke yake, Malinowski wa Poland akamkuta mzunguko wa mwisho. 8:12.5. Siku zile zile Nyambui naye akaleta fedha ya mita 5,000. Hatujapata tena medali ya Olimpiki tangu pale, kwa hiyo hiyo fedha tusiione ndogo.

*Katibu, 19:17*
Asante Mwalimu. Herufi mbili zimepungua. Nafurahi.

*Mwalimu Michezo, 19:24*
Na kama nafasi ipo weka Kingston 1975. Maili moja kwa 3:51.0, rekodi ya dunia. Watu wengi wanaijua Christchurch tu. Dhahabu ya Olimpiki angeipata Montreal 1976, wakati ule yeye na Walker wa New Zealand ndio walikuwa wenyewe. Sisi tukasusia kwa sababu New Zealand walipeleka timu ya raga kwa makaburu. Walker akaenda akachukua. Bayi alikuwa na miaka 23. Mimi hilo sijawahi kulimaliza moyoni. Nchi ilifanya haki, na kijana alilipa.

*Mjomba Bodaboda, 19:26*
Wakuu Yanga wanaanza saa ngapi leo

*Dogo 800, 19:26*
Saa moja na nusu hiyo, washaingia

*Katibu, 19:27*
MCHANGO.

*Mama Tumaini, 19:48*
Habari za jioni. Katibu, hao "vijana wa klabu yetu" ni akina nani? Taja majina.

*Katibu, 19:55*
Shikamoo mama. Ni wale watatu wa kwenye ubao wa zamani.

*Mama Tumaini, 19:56*
Marahaba. Na mwanangu?

*Mjomba Bodaboda, 20:02*
GOOOOO

*Mjomba Bodaboda, 20:02*
Samahani nilidhani kikundi kile kingine

*Katibu, 20:10*
Mama Tumaini hilo nakuomba tuliongee pembeni, nitakupigia.

*Mama Tumaini, 20:13*
Pembeni ndipo lilipokaa miaka yote. Binti yangu alikwenda Kampala 2017, mbio za nyika za dunia, jezi ya taifa mwilini. Alikimbia akamaliza. Ubao ulipoandikwa nikaambiwa ni wa walioshika nafasi. Sawa. Leo naona ukuta mpya, watu wapya, na orodha ile ile. Na ya traksuti sijasahau.

*Shangazi Babati, 20:20*
Jamani ya traksuti tena.

*Mama Tumaini, 20:21*
Tena na tena. Majina yalikuja manne, traksuti zikaja tatu. Aliyekosa mnamjua, na hela tulichanga wote, mimi niliuza mahindi debe mbili.

*Dogo 800, 20:22*
Kwani mhasibu wa wakati ule si yumo humu

*Katibu, 20:23*
Dogo.

*Mwalimu Michezo, 20:40*
Mama Tumaini ana hoja. Tunajisahau sana kwa mabinti. Theresia Dismas alileta fedha ya mkuki kutoka Brazzaville 1965, Michezo ya Afrika ya kwanza kabisa, kabla ya Bayi na kabla ya Mexico. Magdalena Shauri kawa wa tatu Berlin 2023 kwa 2:18:41. Ukiwauliza wanafunzi wangu hapa darasani wanataja wanaume tu.

*Mama Tumaini, 20:43*
Mwalimu historia hiyo ni nzuri. Mimi nauliza jina moja.

IJUMAA

*Katibu, 06:05*
Amkeni. Bado 85,000. Rangi nyeupe na buluu nimechukua kwa jina langu dukani, nyeusi hajanipa mpaka apate hela. Tumeni na ya kutolea tafadhali, jana mtu katuma elfu tano ikafika elfu nne na kitu.

*Shangazi Babati, 06:50*
Nimetuma kumi.

*Katibu, 06:51*
Imefika. Mungu akuzidishie shangazi.

*Mhasibu wa Zamani, 09:32*
Habari za asubuhi wote. Nimeona meseji za jana sasa hivi. Daftari la ile michango lipo nyumbani, risiti zimo. Hela ilitosha tatu. Nitapiga picha niweke hapa mwenye macho aone.

*Mama Tumaini, 09:33*
Tunasubiri.

*Dogo 800, 10:15*
Bado nasema Simbu. Hata pembeni pembeni. Mimi nilianza mazoezi kwa sababu ya London 2017, alipochukua shaba. Kabla ya hapo nilikuwa golikipa.

*Mjomba Bodaboda, 10:17*
Golikipa gani wewe, wa kufungwa saba na Endagikot

*Dogo 800, 10:17*
Saba ni uongo ilikuwa tano

*Binamu Karatu, 10:19*
Tano na penati mbili 😂😂

*Katibu, 10:25*
Nani anamjua mwenye ngazi ndefu? Ya kanisani imevunjika mguu.

*Katibu, 11:40*
Ngazi??

*Babu Kocha, 12:08*
Naandikiwa na mjukuu. Nimesomewa yote tangu jana, na salamu nimezipokea.
Kwanza Akhwari. Mmemwandika kwa kuanguka. Mexico, marathoni ya Olimpiki, walianza 75, wakamaliza 57, yeye ndiye wa 57. Ule mji uko juu zaidi ya mita 2,200, misuli ilimkaza, wakasukumana, goti likatoka na bega likapiga chini. Akamaliza zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, watu wameshaanza kwenda makwao. Hayo yote ni kweli, na alichojibu alipoulizwa kwa nini hakuacha, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza, dunia nzima inakijua. Lakini miaka miwili baadaye, Edinburgh 1970, Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano kwa 2:15. Hilo mbona hamkuandika? Mtoto akisoma ukuta wenu atadhani tulipeleka mtu asiyejua mbio, tukasifu bandeji. Yule alikuwa mkimbiaji. Iandikwe Edinburgh, na iandikwe kwa ukubwa ule ule wa Mexico.

*Babu Kocha, 12:11*
Pili. Binti wa Mama Tumaini nilimfundisha mimi, kwenye ule mlima, saa kumi na moja alfajiri, na baridi ya Julai mnaijua. Viatu alivyokwenda navyo Kampala vilikuwa vya kuazima na mwenye viatu yumo humu. Wa 57 mnamwandika wa kwanza kwenye ukuta. Huyu mlimuacha kwa kuwa hakushika nafasi. Semeni mnatumia kipimo kipi. Kama jina lake halimo, langu kwenye safu ya walimu lifutwe, nisilione Jumamosi.

*Katibu, 13:50*
Shikamoo babu. Nimekusikia.

*Mwalimu Michezo, 13:52*
Shikamoo babu.

*Mjomba Bodaboda, 13:58*
Shikamoo babu. Katibu nimetuma kumi na tano.

*Binamu Karatu, 14:01*
Shikamoo babu. Mimi ishirini. Viatu vilikuwa vya dada yangu, na hajawahi kuvidai.

*Babu Kocha, 14:20*
Marahaba.

*Kaka Dar, 14:31*
Babu shikamoo. Naunga mkono. Nimetuma hamsini. Edinburgh hata mimi ni mara ya kwanza kuisikia, na nimesoma hapo hapo chini ya huo mlima darasa la kwanza mpaka la saba.

*Katibu, 14:36*
Zimefika zote, tumevuka. Sasa sikilizeni. Nimemweleza fundi kuhusu Edinburgh, anasema kwa ukubwa ule wa Mexico mistari haitoshi mpaka kitu kimoja kipungue. Au tuondoe Kingston ya Mwalimu, au tupunguze maneno ya Shahanga.

*Mwalimu Michezo, 14:40*
Shahanga usimguse. Dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, marathoni Edmonton 1978 halafu mita 10,000 Brisbane 1982, na wa pili Brisbane alikuwa Mtanzania mwenzake, Zakaria Barie. Nani mwingine anaweza vitu viwili hivyo? Ongeza Brisbane. Kingston toa, nitawasimulia watoto mwenyewe.

*Katibu, 14:41*
Mwalimu nimekwambia nipunguze, umeniongezea.

*Dogo 800, 14:44*
Simbu ana herufi tano tu

*Katibu, 14:45*
Mama Tumaini, naomba jina kamili la binti lilivyoandikwa kwenye pasi yake ya kusafiria. Ataandikwa na wenzake watatu, herufi sawa, "Kampala 2017".

*Mama Tumaini, 15:30*
Asante babu. Asante Katibu. Nimempigia, alikuwa kazini. Amenyamaza kwanza, halafu kasema mama niache nifikirie. Sijui kama anataka kweli, au anataka mseme ya traksuti kwanza. Na akikubali atasema ni jina la baba au la mume.

*Shangazi Babati, 15:33*
La baba! Ndilo alilokimbilia.

*Mama Tumaini, 15:34*
Shangazi mwachie mwenyewe.

*Mhasibu wa Zamani, 17:02*
Nimeweka picha ya daftari.

*Dogo 800, 17:04*
Mzee hii picha haisomeki, ni kidole

*Mama Tumaini, 17:06*
Piga tena mchana kweupe. Kesho njoo nalo uwanjani.

*Mhasibu wa Zamani, 17:30*
Kesho nina msiba wa upande wa mke. Nitamtuma kijana.

*Katibu, 19:10*
Haya. Kesho saa mbili. Fundi anaanza na Akhwari, mistari miwili, Mexico na Edinburgh. Bayi na Shahanga wanafuata, Brisbane imeingia, Kingston imetoka. Kwenye safu ya klabu nimemwambia aruke nafasi ya kwanza mpaka Mama Tumaini anipigie. Akiondoka kabla ya jibu, nitalipa nauli yake ya kurudi kutoka Haydom, au tutafute mwingine. Ya Simbu tutajadili mkutano wa mwezi ujao.

*Dogo 800, 19:11*
Iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano hiyo

*Katibu, 19:12*
Imeandikwa. Ngazi jamani, ngazi. Futi kumi na mbili.

*Binamu Karatu, 19:20*
Ngazi ninayo, nakuja nayo kwenye fuso alfajiri. Ila pale kwa Bayi tuweke na "Karatu" kwenye mabano.

*Katibu, 19:21*
Lete ngazi.

*Mama Tumaini, 21:47*
Katibu, nimempigia tena, simu haipokelewi. Nitajaribu asubuhi kabla ya saa mbili.