Simu ya TELA itamleta mwalimu darasani?

Mzazi wa Moroto: Wanangu wako P.3 na P.5, darasa la tatu na la tano, shule ya kijijini hapa Uganda. Wiki iliyopita mara tatu wamerudi saa nne asubuhi: "Mwalimu hajaja." UPE, elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza 1997 waliondoa ada, kumbe na mwalimu wangemwondoa? Sasa kuna hizi simu za TELA za kurekodi mahudhurio ya walimu. Zitasaidia, ama tuwakate mshahara tu?

Chaki Mkononi: Simu inajua aliyefika langoni. Ule utafiti wa Benki ya Dunia, 2013 kama sikosei, ulikuta walimu 27 katika kila 100 hawapo shuleni, na wengine wengi waliokuwepo shuleni hawakuwa darasani. Walikuwa chini ya mwembe.

Kijana wa Stendi: Mwembe gani? Wako kwenye malwa, mrija mdomoni tangu saa tano!

Binti Soroti: Hapo umenigusa. Baba yangu amefundisha miaka 31, malwa anakunywa jioni na wazee wenzake. Na Karamoja, huko Moroto kwa huyu mzazi, wanakunywa kwete. Ukitaka kutukana pombe ya watu, ijue kwanza.

Kijana wa Stendi: Kwete, malwa, si zote zinalewesha?

Mzee wa Mbale: Sikiliza, mwanangu. Malwa ni ya ulezi, mnazunguka chungu kila mtu na mrija wake, maji ya moto yanaongezwa. Kwete ni ya mahindi. Huo mrija wako umeuchomeka pasipo wake.

Chaki Mkononi: Jamani, tulikuwa kwa walimu.

Mwalimu wa P.4: Mtoro wenu ndiye mimi. Mshahara wa mwezi haufiki hata shilingi 500,000. 2022 wenzetu wa sayansi wa sekondari wenye digrii wakapandishiwa hadi milioni 4. Sisi wa msingi tukagoma, tukarudi mikono mitupu. Shuleni hakuna nyumba hata moja ya mwalimu. Nalala senta, penye maduka, kilomita 14 kutoka shule, na mvua ikinyesha mto unafunga njia. Kufuata mshahara benki ni siku mbili. Ile posho ya mazingira magumu, asilimia 30, naisikia tu kwa wenzangu.

Kijana wa Stendi: Posho ipo, mwalimu, ile ya ugali, maharage ndiyo yamekosekana 😂

Mwalimu wa P.4: Cheka. Watoto wangu wanakula hiyohiyo kavu.

Mzazi wa Moroto: Pole, mwalimu. Lakini mlipogoma, wangu walichunga mbuzi. Nani aliwaomba radhi?

Mwalimu wa P.4: Kamati yenu ya shule inijengee chumba kimoja, hata cha udongo, nihamie leo. Simu kaeni nayo.

Mzazi wa Moroto: Udongo upo. Mabati je?

Mzee wa Mbale: Mabati mtaongea na LC, baraza la kijiji. Mimi namngoja kijana aniambie kwete inanywewa na nini.

Binti Soroti: Na baba yangu bado hajaombwa radhi.