Shati na winda la Wamontagnard kutoka kwa mshauri wa Vikosi Maalumu: nikague nini kabla ya kulipa?

Sanduku la Mvule

Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua nguo za Wamontagnard, yaani makabila ya Nyanda za Juu za Kati za Vietnam. Kuna muuzaji Marekani ana seti anayosema ilikuwa ya mshauri wa Vikosi Maalumu vya jeshi la Marekani aliyekaa kambi ya Plei Me mwaka 1965. Ina shati jeusi la mikono mirefu lenye nyuzi nyekundu kifuani na vifungo vya shaba, winda refu lenye taraza na matamvua nchani, bangili 2 za shaba, na majasi 2 ya masikioni anayodai ni pembe ya ndovu. Ameiita "vazi la sherehe la Rhade", kabila moja la huko. Picha ya mshauri mwenyewe akiwa amelivaa haipo. Ipo barua moja tu kutoka Vietnam, na haitaji nguo.

Nimwombe picha za sehemu gani? Kitambaa cha miaka ile natofautishaje na kilichofumwa juzi? Na mzigo ukifika Mombasa nautunzaje kwa joto letu hili?

---

Mtande na Mshindio

Mkuu, muuzaji anakuuzia madai mawili kwa bei moja: kwamba nguo ni ya zamani, na kwamba ilikuwa ya mtu fulani. Yakague mbalimbali. Nguo inaweza kuwa ya kweli kabisa na simulizi ikawa ya kubandikwa.

Mimi ningeanza na jiografia. Plei Me iko kusini mwa mji wa Pleiku, nchi ya kabila la Wajarai, na askari wengi wa kambi ile walikuwa Wajarai. Warhade, ambao Wavietnam huwaita Ê Đê, kitovu chao ni Ban Me Thuot, kusini zaidi. Huko ndiko mpango wa kuwapa silaha wanavijiji ulikoanzia mwaka 1961, kijiji cha Buon Enao. Hilo halimfanyi muuzaji kuwa mwongo, maana askari wa makabila tofauti walichanganywa kambini, na Warhade walihudumu mbali na kwao. Ila muulize jina "Rhade" amelitoa wapi. Akisema amelilinganisha na picha za mtandaoni, lifute na uanze upya.

Shati peke yake halitakumalizia ubishi huo, kwa sababu mashati ya sherehe ya wanaume wa Rhade na Jarai yanafanana: weusi au nili iliyokolea, kichwa kinapita juu, nyuzi nyekundu zimelazwa kifuani kwa mistari, vifungo vya shaba, na pindo limepasuliwa pembeni. La Rhade mara nyingi pindo la nyuma hushuka kuliko la mbele. Winda litakueleza mengi zaidi. Omba picha ya ncha zote mbili, mbele na nyuma. Kwenye winda la heshima la Rhade, ile taraza yenye nakshi mwishoni huitwa kteh. Imefumwa kwa kusokota nyuzi za mshindio (zile zinazopita kwa upana), kwa hiyo nakshi inashikamana na kitambaa. Ukiona taraza imeshonewa juu kama utepe, shuku.

Sasa kitambaa. Wafumaji wa kule hutumia kitanda cha mfumi kinachofungwa kiunoni, hivyo upana wa kipande unaishia pale mikono ya mfumaji inapofika. Shati hutengenezwa kwa vipande vyembamba vilivyounganishwa, na kingo zake ni zile za mfumaji mwenyewe, hazijakatwa kwa mkasi. Mwombe aligeuze ndani nje akupigie picha mshono wa katikati ya mgongo na mshono wa bega. Ukikuta kitambaa kipana kimoja kilichokatwa kwa umbo, chenye kingo zilizozungushiwa overloki, hicho ni cha kiwandani. Kwa lenzi ya kukuza mara 10, nyuzi za mtande (zile za urefu) zinatakiwa kusongamana hadi karibu kuuficha mshindio. Uzi wenyewe kutolingana unene ni dalili nzuri, lakini uzi laini wa kiwandani haukatazi umri: uzi wa dukani ulishafika milimani tangu enzi za Wafaransa, na wafumaji waliupenda kwa rangi nyekundu.

Mwombe pia amulike kwa tochi ya urujuanimno, nanomita 365, gizani. Uzi unaowaka weupe wa samawati ama ni wa kisasa, au umefuliwa kwa sabuni yenye kung'arisha. Ndiyo sababu uangalie mahali unapowaka. Shati zima likiwaka kidogo kidogo, wazo la kwanza ni sabuni. Mshono mmoja ukiwaka peke yake, uzi wa mshono huo ni mgeni.

Jaribio la kuchoma uzi lifanyike baada ya kununua, kwa nyuzinyuzi moja iliyokwisha kuchomoka yenyewe. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu hunuka nywele. Akriliki huyeyuka na kubaki punje nyeusi ngumu. Ukiipata kwenye nakshi ya asili, utilie mwaka 1965 shaka kubwa.

---

Karani wa Kumbukumbu

Naongezea upande wa makaratasi.

Kikosi cha 5 cha Vikosi Maalumu kilihamia Vietnam na makao yake Nha Trang mnamo Oktoba 1964, kikaondoka Machi 1971. Kabla ya hapo timu zilikuja kwa zamu fupi za miezi 6 hivi kutoka kambi za Marekani za Okinawa, Japani, na Fort Bragg. Kwa hiyo barua ya mwaka 1962 yenye anwani ya "Kikosi cha 5, Nha Trang" ni ya kutiliwa shaka. Ya 1965 inawezekana. Bahasha ya mwanajeshi aliyekuwa Vietnam ilipitia anwani ya posta ya jeshi ya San Francisco, basi soma muhuri, tarehe na jina la mtumaji kabla ya kusoma barua.

Nyaraka za utumishi za wanajeshi wa Marekani ziko St. Louis, na hufunguliwa kwa umma miaka 62 baada ya mtu kuacha jeshi. Mtu aliyetoka jeshini 1966 faili lake linafunguka 2028. Kabla ya hapo, ndugu wa karibu wa marehemu wanaweza kuliomba, kwa hiyo kama muuzaji kweli alinunua kwa familia, aiombe familia. Moto wa 1973 uliounguza mafaili ya jeshi la nchi kavu uligusa hasa waliotoka kati ya 1912 na 1960. Mtu akikuambia kumbukumbu za mshauri wa 1965 ziliungua humo, mwambie akahesabu tena miaka. Kumbukumbu za vikosi vyenyewe ziko hifadhi ya taifa ya Marekani, College Park, kundi namba 472.

Ushahidi mkubwa kuliko yote ni picha ya mtu akiwa ndani ya nguo hiyo hiyo. Siyo ya namna hiyo: hiyo hiyo. Kazi ya mkono haijirudii, kwa hiyo hesabu mistari ya nyuzi nyekundu kifuani, hesabu vifungo, tafuta kifungo kilichokaa upande au mstari uliopinda, kisha linganisha. Muulize muuzaji kama nyumba ile ilikuwa na slaidi. Fremu za slaidi za Kodak nyingi zina mwezi na mwaka uliochapwa, ila huo ni wakati wa kusafisha filamu. Filamu iliyosafirishwa kutoka kambini ingeweza kuchelewa wiki nyingi.

Jambo moja la kuangalia kwa macho mawili: majina ya kambi zinazojulikana hupandisha bei. Plei Me ilizingirwa Oktoba 1965 na imeandikwa sana. Kambi ya Buon Brieng nayo inajulikana kwa sababu Kapteni Vernon Gillespie wa Vikosi Maalumu aliizuia isijiunge na uasi wa Septemba 1964 wa FULRO, harakati ya Wamontagnard dhidi ya serikali ya Saigon. Mtu anayetaka kupamba shati lisilo na asili atachagua majina kama hayo. Simulizi inayotaja kambi isiyo na umaarufu, pamoja na jina la kijiji jirani na mwezi, mimi huipa uzito zaidi.

---

Sanduku la Mvule

Nawashukuru sana. Picha za karibu zimefika. (1) Ndani ya shati, mkabala na vifungo 3 vya juu, kuna madoa ya kijani kwenye kitambaa cha upande wa pili. (2) Mshono wa kwapa la kulia ni wa cherehani na unawaka chini ya tochi. Mwingine wote ni wa mkono na hauwaki. (3) Ncha moja ya winda matamvua yake yanawaka, nyingine hayawaki. (4) Winda lina mistari ya mikunjo iliyopauka. Nisome vipi haya?

---

Mtande na Mshindio

Namba 1 ndiyo iliyonifurahisha. Hiyo ni kutu ya kijani ya shaba iliyohamia kwenye pamba, na imehamia mkabala na kifungo chake. Maana yake shati lilikunjwa namna moja likakaa hivyo miaka mingi kwenye unyevu kidogo. Mtu anaweza kuchovya kitambaa kwenye chai kikaonekana kizee, au kukitundika juu ya moshi kikanuka jiko. Doa linalolingana na kifungo kimoja kimoja ni shida kuliiga. Hakikisha tu kwamba doa limepenya kwenye nyuzi na halijakaa juu kama rangi.

Namba 4 inakubaliana na namba 1. Nguo ya zawadi aghalabu haikuvaliwa zaidi ya siku ile ya sherehe ya kuipokea, penye mtungi wa pombe ya mchele, ikaingia sandukuni. Uchakavu wake unakuwa kwenye mikunjo. Nguo ya mwenyeji aliyeivaa sherehe baada ya sherehe inachakaa shingoni, kwenye pindo la mikono na pale anapokalia.

Namba 2 ni ukarabati. Cherehani zilikuwepo Pleiku na Ban Me Thuot, kwa hiyo cherehani si kosa. Kosa ni uzi unaowaka. Kwapa hupasuka mwanamume mwenye mabega mapana anapoingia kwenye shati lililokatwa kwa mtu mwembamba, na mtu akalishona baadaye nyumbani. Usilifumue. Liandike kwenye kumbukumbu zako.

Namba 3 inahitaji kazi. Ama ncha ile iliachia nyuzi ikawekewa matamvua mapya, ama winda limeunganishwa kutoka vitu viwili. Fuata nyuzi za tamvua kwa lenzi hadi zinapoingia kwenye kteh. Matamvua ya asili ni mwendelezo wa nyuzi za kitambaa chenyewe. Ya kubandikwa yana fundo au tundu la sindano.

Kwa ninavyoona, shati ni la zamani na winda lina kiraka. Lipa bei ya nguo. Bei ya historia ya Plei Me ingoje picha au neno la familia.

---

Fundi Shaba

Bangili: sitakudanganya, bangili peke yake haikupi mwaka. Zilitolewa kwa washauri wengi, zimeendelea kutengenezwa, na maveterani wenyewe hununua mpya za ukumbusho. Angalia mikwaruzo ya nakshi. Ya mkono ina mistari ya patasi isiyo na kina kimoja, na iliyovaliwa sana mistari imelainika upande wa nje huku karibu na ncha bado ikiuma kidole. Nakshi ikiwa imelainika sawasawa kila mahali, imetoka hivyo kwenye kalibu. Usiisugue kwa limau wala dawa ya shaba, utaondoa ushahidi huo wote.

Majasi: yaache Marekani. Ndovu wa Asia yumo katika orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilio hatarini, tangu 1975, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haikubali uingize wala umiliki pembe bila kibali. Hoja ya "ni ya kale" haitakuokoa bandarini, na inaweza kuzuia mzigo mzima pamoja na shati. Watu wa kule walivaa pia majasi ya mti na ya mwanzi, na huenda haya ni mfupa tu: mfupa kwa lenzi una vitundu vidogo vyeusi, pembe ina mistari inayokatana kwenye uso uliokatwa. Lakini afisa wa forodha hatakungoja umalize kuchungulia. Mwambie muuzaji ayatoe na akuandikie orodha ya mzigo isiyo na kitu cha mnyama. Muulize pia kama kuna manyoya au kucha ndani ya mzigo.

---

Kabati Kavu

Utunzaji wa Mombasa, kwa vile wengine wamemaliza mengine.

Usifue. Nyekundu ya dukani ya miaka ile huchuja ikigusa maji, na ikishaingia kwenye mstari mweupe haitoki. Ukitaka kujua, lowesha pamba safi kwa maji yaliyochujwa, ibonyeze dakika 1 mahali pa ndani pasipoonekana, utazame. Nili ni tofauti: huacha rangi hata ikisuguliwa kavu, na hilo halithibitishi kuwa ni ya mmea, kwa sababu nili ya kiwandani ni kemikali ile ile.

Mzigo ukifika usiufungulie kabatini. Uingize kwenye mfuko wa nailoni, kamua hewa, funga kwa utepe, weka kwenye friza ya nyuzi −20 kwa wiki 2. Ukiutoa, uache umefungwa saa 24, ili umande ukae nje ya mfuko na usiguse kitambaa. Baada ya hapo nailoni itoke kabisa, kwani kwa unyevu wa Pwani ndani yake patakuwa shamba la ukungu.

Vumbi livutwe kwa mashine ya nguvu ndogo kupitia wavu wa nailoni ulionyoshwa juu ya nguo, upite mbali na matamvua. Winda livingirishwe kwenye bomba la kadibodi lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, nakshi ikiwa upande wa nje. Shati lilazwe bapa. Likilazimika kukunjwa, jaza kila kunjo karatasi iliyofinyangwa na ubadilishe mahali pa mikunjo kila mwaka. Chini ya kila kifungo cha shaba weka kipande cha karatasi hiyo, ama yale madoa ya kijani yataendelea kula pamba. Funika kwa amerikani iliyofuliwa mara 2 bila dawa ya kung'arisha.

Kabati liwe ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na jua wala wa bafuni. Weka kipima unyevu: lenga asilimia 45 hadi 55, na ukishindwa kufika huko usiruhusu ipite 65. Jeli ya silika ya kubadilisha rangi, nusu kilo kwa sanduku la kawaida, ikaushwe ikishabadilika. Nondo hawali pamba, lakini kama nyekundu ya kifuani ni sufu wataila hiyo na kuacha nyeusi yote nzima, basi kagua hapo kwanza kila mwezi.