Naomba ushauri: kukagua rivolva ya .22 iliyotumika kabla ya kununua

Wakuu, habari. Niko Marekani, bajeti dola 200, ya kupiga shabaha tu. Nachagua kati ya Heritage Rough Rider na Ruger Wrangler iliyotoka 2019. Zote unakokota nyundo kwa kidole gumba kila risasi.

Ukaguzi wangu: nafungua kilango cha kujazia risasi na kuhakikisha chemba zote 6 (matundu ya risasi kwenye silinda) ni tupu. Nakokota nyundo polepole sana. Silinda lazima ijifunge kila chemba, sio tano kati ya sita. Nyundo ikiwa juu naitikisa silinda: kucheza kidogo sawa, kulegea hapana. Nafasi kati ya silinda na mtutu iwe kama 0.15 mm, karatasi moja na nusu hivi. Ikizidi sana, hurusha vipande vya risasi pembeni.

Kinachonitia wasiwasi ni kidonda kwenye ukingo wa chemba. Risasi hizi huwashwa ukingoni mwa kitako cha ganda, kwa hiyo mtu akifyatua tupu mara nyingi, pini inaweza kugonga chuma chenyewe na kukisukuma ndani. Ganda halizami vizuri na kutoka ni shida. Je, kidonda kikionekana kwa chemba mbili, fundi anaweza kurudisha chuma bila kufaili, au ninunue silinda mpya?

Pia, silinda ya ziada ya .22 Magnum (risasi ndefu na yenye nguvu zaidi) ina faida? Najua LR (Long Rifle, .22 ya kawaida) haipigwi humo, maana chemba ni pana na ganda hupasuka.