Shawa ya umeme ya wati 5500: waya wa 2.5, 4 au 6? Na namba za AWG zinasomwaje?

Msumari_Mrefu:
Wakuu, habari zenu. Nataka kufunga shawa ya umeme, kwenye boksi imeandikwa wati 5500. Kutoka sanduku la breka hadi bafuni ni mita 22, nimepima njia ambayo waya utapita, kona zote zikiwemo. Paipu inapita juu ya dari, chini ya bati, na ndani yake tayari kuna waya za soketi za vyumbani. Nimepewa majibu matatu. Mmoja kasema 2.5 inatosha kwa sababu "inabeba ampia 27", wa pili kasema 4, wa tatu 6. Dukani nikaonyeshwa roli iliyoandikwa 10 AWG, nikaambiwa hiyo ni "kumi", nene kuliko zote. Naomba mnipe hesabu na siyo jibu tu, ili siku nyingine nijipigie mwenyewe.

Volti_Taratibu:
Mkuu, hiyo "kumi" iweke pembeni kwanza. AWG ni mfumo wa Marekani na unakwenda kinyume: namba ikipanda, waya unakonda. 10 AWG ina shaba ya mm² 5.26, yaani haifiki hata 6. Zile unazokutana nazo mara kwa mara ni hizi: 14 ni mm² 2.08, 12 ni 3.31, 8 ni 8.37, na 6 ni 13.3. Ukishuka namba tatu, eneo la shaba linakuwa karibu mara mbili. Kwa hiyo mm² 10 halisi ni karibu mara mbili ya 10 AWG, na aliyekuuzia moja kwa jina la nyingine amekupunja nusu ya waya. Kama mchoro au kitabu cha kifaa kimetaja AWG, chukua saizi ya mm² inayofuata kwenda juu, usishuke. Kuna na SWG ya zamani ya Uingereza, nayo ina namba zake tofauti kabisa, usizichanganye.

Hizi 2.5, 4 na 6 ni eneo la mkato wa shaba peke yake, bila ganda. Si kipenyo. Ukiwa na kalipa (kifaa cha kupimia unene), pima uzi mmoja, zidisha kipenyo kwa chenyewe, kisha kwa 0.785, kisha kwa idadi ya nyuzi. Waya wa mm² 6 wenye nyuzi saba, kila uzi ni karibu mm 1.04. Ganda lisikudanganye, linaweza kuwa nene huku ndani mna shaba nyembamba.

Sasa hesabu.

Ampia za kifaa: 5500 gawanya kwa 230 = 23.9. Breka isiwe chini ya hapo, kwa hiyo 25. Kanuni ni kwamba ampia za kifaa zisizidi breka, na breka isizidi uwezo wa waya *pale ulipolazwa*. Breka inalinda waya, ndiyo maana waya unatafutwa kwa ampia za breka na siyo za kifaa.

Maneno hayo "pale ulipolazwa" ndiyo yanayozaa majibu matatu tofauti. Ile 27 ya waya wa 2.5 ni kweli, lakini ni ya kebo bapa iliyobanwa ukutani peupe, hewa ikiwa nyuzijoto 30. Nyaya mojamoja ndani ya paipu, ganda la PVC, hewa hiyohiyo ya 30, uwezo ni huu:

1.5 → ampia 17.5
2.5 → 24
4 → 32
6 → 41
10 → 57
16 → 76

Chini ya bati hakuna 30. Tuseme 40, nako ni kuwa mpole. Ganda la PVC la kawaida linavumilia 70. Hewa ikiwa 30 una nafasi ya nyuzi 40 za kupasha. Ikiwa 40 umebakiwa na 30 tu. Joto la waya linakua kwa mraba wa ampia, hivyo unachukua kipeuo cha pili cha 30/40, unapata 0.87. Kwa hewa ya 45 ni 0.79, kwa 50 ni 0.71.

Halafu paipu ina wapangaji wawili, wanapashana joto. Saketi mbili zidisha kwa 0.80, tatu 0.70, nne 0.65. Ingekuwa ni waya wa taa tu unaobeba ampia moja au mbili, ungeweza kuupuuza. Soketi huwezi, hujui siku gani mtu atachomeka pasi na jagi la umeme kwa pamoja.

25 gawanya kwa (0.87 × 0.80) = 35.9. Rudi kwenye orodha: 4 inaishia 32, haitoshi. Ni 6.

Volti zinazopotea njiani zinakuja mwisho. Kwa kila ampia na kila mita, 2.5 inapoteza milivolti 18, 4 inapoteza 11, 6 inapoteza 7.3, 10 inapoteza 4.4 (kwenda na kurudi imeshahesabiwa humo). Kwa 6: 7.3 × 23.9 × 22 = milivolti 3838, yaani volti 3.8. Ukomo unaotumika sana ni asilimia 3 kwa taa na 5 kwa vitu vingine, yaani volti 11.5. Upo salama.

Angalia kitu kimoja hapo: hata 2.5 ingepoteza volti 9.5 tu na kupita mtihani huu. Shawa ingechemsha maji vizuri kabisa huku waya ukiiva juu ya dari. Ndiyo sababu "mbona inafanya kazi" haithibitishi chochote kuhusu waya.

Kona_ya_Breka:
Hesabu ya mkuu hapo juu imenyooka, ila kuna swali halijaulizwa. Hizo wati 5500 zimeandikwa kwa volti ngapi? Soma kibandiko cha kwenye shawa yenyewe, achana na boksi. Na kwako umeme unasoma ngapi?

Msumari_Mrefu:
Kibandiko kinasema 5500W 220V. Multimita inasoma 230 mchana, usiku inagusa 240.

Kona_ya_Breka:
Basi jibu linahama. Koili ya shawa ni ukinzani usiobadilika sana. 220 × 220 ÷ 5500 = omu 8.8. Ukiipa 230 inavuta ampia 26.1, ukiipa 240 inavuta 27.3, na wati zinapanda hadi 6545. Breka ya 25 haitakata papo hapo, kwa kawaida hairuhusiwi kukata kabla ya saa moja kwa mzigo usiofika mara 1.13, yaani ampia 28. Lakini hiyo imepimwa kwenye hewa ya 30. Sanduku likiwa na joto na breka zimebanana, itaanza kukata mtu akiwa na sabuni kichwani. Weka 32.

Na ukiweka 32, waya unahesabiwa upya: 32 ÷ (0.87 × 0.80) = 46. Sita imeshindwa, unahitaji 10, ambayo kwenye terminali za shawa nyingi hata haiingii.

Njia rahisi ni kutoa shawa kwenye hiyo paipu. Ipe paipu yake, umbali kidogo kutoka ile ya soketi. Hapo 32 ÷ 0.87 = 36.8, na 6 yenye 41 inatosha. Volti zitakazopotea ni 7.3 × 27.3 × 22, kama 4.4. Hakuna shida.

Kuna sababu nyingine ambayo watu huisahau. Ukiusukuma waya wa shawa kwenye paipu ya soketi, unazipunguzia uwezo waya za soketi pia. 2.5 iliyokuwa peke yake chini ya bati inabeba 24 × 0.87 = 20.9, na breka yake ya 20 ipo sawa. Ikipata jirani inashuka hadi 16.7. Breka haijui kwamba jirani amehamia, itaendelea kuruhusu 20.

Erthi iwe 6 vilevile, kwa sababu hadi mm² 16 erthi hulingana na waya wa moto. Kwa saketi hii ya shawa weka RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampia 30, na swichi inayokata moto na nyutro kwa pamoja, iliyoandikwa ampia 40 au 45. Usiweke plagi na soketi popote kwenye mstari huu.

Shaba_Tupu:
Mahesabu yote hayo ni ya shaba. Siku hizi zipo roli za alumini iliyopakwa shaba, nje inang'aa nyekundu na mfukoni inauma kidogo. Ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu wa shaba. Kwangua uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Uzito nao unasema. Roli ya mita 100 ya mm² 6 ina shaba ya kilo 5 na kitu, bado ganda. Ile nyingine ndani haifiki nusu ya hapo.

Multimita ya kawaida haipimi vizuri chini ya omu moja, nyaya zake zenyewe zinakula sehemu ya kipimo. Pitisha ampia 5 za betri kwenye roli nzima kwa muda mfupi, pima volti ncha hadi ncha. Mm² 6 ya shaba, mita 100, itaonyesha karibu volti 1.5. Ukiona 2.3, si shaba au si 6.

Nyingi zinaungulia kwenye skrubu, si katikati ya waya. Menya ganda kwa urefu wa terminali tu, usikate hata uzi mmoja, kaza, vuta kwa mkono, kaza tena. Waya wa nyuzi laini ubane ncha yake kwa kijitubu cha shaba cha saizi yake. Usiipake risasi ya kulehemu kisha ukaibana kwa skrubu: risasi inalegea taratibu ikibanwa, unganisho linapata joto, joto linailegeza zaidi. Na usiweke jointi juu ya dari. Mita 22 zikatwe kipande kimoja, ongeza mita moja au mbili za kuchezea.

Bomba_Refu:
Nadandia uzi. Mimi nina pampu, kibandiko kinasema 1.1 kW, 230V, ampia 8. Umbali ni mita 70. Nimeweka 2.5, inavuma haizunguki. Ampia 8 kwa waya unaobeba ampia 24, mbona ni mbali sana na ukomo?

Volti_Taratibu:
Kwako joto si tatizo, umbali ndio tatizo. Ikizunguka, 18 × 8 × 70 ni volti 10, unapita kwa taabu. Lakini mota wakati wa kuanza inavuta mara tano hadi sita, tuseme 45. 18 × 45 × 70 = volti 57 kwa makadirio, pampu inabaki na 173. Nguvu ya kuanza inafuata mraba wa volti, (173/230) kwa mraba ni 0.57, kwa hiyo umeipa kama nusu tu. Kwa 4 inaanza na volti 195, nguvu asilimia 72. Kwa 6 ni 207, asilimia 81. Funga 6.

Ila kwanza pima volti kwenye terminali za pampu wakati inavuma, na upime kapasita (ile inayosaidia mota kuanza). Zikiwa juu ya 200 na bado haizunguki, usinunue waya, badilisha kapasita. Na usiiache ikivuma zaidi ya sekunde chache unapopima, koili zinaungua upesi.